Kwani Mmefukuzwa?

Urojo wa Bi Saumu haupoi kwa upepo,
hupoa kwa simu.
Nalisogeza bakuli kwenye mwanga, nalizungusha,
kachori mbele, yai nyuma,
pilipili ikae kama kidoto cha hina.
Mke wangu Thuwaiba ashamaliza lake, anachokonoa meno.
"Utakula au utalioa?
Nijue mapema kama nimepata mke mwenza."

Ndio maisha yangu, Michenzani, ghorofa ya tano.
Maji hupanda kwa ndoo, na mie ndiye mguu wa ndoo,
lakini kwenye ukurasa wangu hamna ngazi.
Mna vikombe vya kahawa vyenye jani la povu,
mna magoti yangu na bahari kwa mbali,
mna watu mia nane na kumi na wawili
ambao hata mmoja hajanikopesha chumvi.

Idi hii tukasema twende kambi.
Shemeji Mundhir ndiye aliyelileta neno. Aliona picha:
hema la manjano, moto, kikombe cha bati,
mtu amekaa kama hadaiwi.
Tukachanga. Hema likaja
na karatasi ya maelezo yenye michoro mitupu,
kama mtu anayefundishwa kuvaa kanzu ya mikono saba.

Vumawimbi, huko juu Pemba.
Tukafunga kamba, zikafunguka.
Mundhir akaushika mlingoti, mlingoti ukamshika Mundhir.
Kufika alasiri hema lilisimama
kama ng'ombe anayefikiria kulala.
Nikalipiga picha mara ishirini na tatu.
Mtandao hakuna.
Nikapanda juu ya jiwe, hakuna.
Nikainua mkono kama anayesimamisha gari,
kijistari kimoja kikaja, kikanitazama, kikenda zake.

Mwanamke mmoja akapita na mzigo wa kuni,
Bikombo, wa upande wa Konde.
Akautua mzigo ili atutazame vizuri.
"Nyie kwenu Unguja mna nyumba?"
Tunayo.
"Ina paa?"
Ina paa.
Akalitazama hema. Akatutazama sisi.
"Basi kwani mmefukuzwa?"

Thuwaiba alicheka mpaka akakaa mchangani.
Mie nilitafuta jibu. Bado nalitafuta.

Usiku wali wetu ukaungua juu, ukabaki mbichi chini,
sijui hata inawezekanaje.
Komba akashuka mtini, akachukua boflo zima,
akakaa karibu akilia kama mtoto aliyenyimwa.
Mundhir, aliyetuambia haogopi kitu,
alisoma kila alichokihifadhi tangu chuoni,
mwishowe akasoma na namba ya mita ya umeme.
Tochi ikafa. Simu yangu ikafuata, asilimia moja,
sifuri, kioo cheusi, na ndani yake uso wangu
sikuuona hata huo.

Ndipo mtoto wa Bikombo alipokuja gizani na sufuria.
"Mama kasema, waliofukuzwa nao hula."

Sijui muhogo ule ulikuwa na rangi gani.
Sijui kama juu uliwekwa majani, au bizari, au kitu.
Najua ulivunjika ulimini kabla sijautafuna,
nazi nzito, kipande cha changu na miba yake,
chumvi ya mtu asiyepima.
Najua mkono wangu uligongana na wa Thuwaiba
ndani ya sufuria,
na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuutoa.

Mkoani, bandarini, simu ikapata moto.
Ujumbe mia na arubaini.
Nikaliweka hema, chini yake nikaandika: Utulivu.
Walipenda watu wengi. Mmoja akauliza
mbona limegeuzwa ndani nje.

Sasa kazini wananiuliza, huko Pemba mlikula nini?
Nawaambia ngojeni niwaonyeshe,
natoa simu, napekua, hema, hema, hema,
kidole changu, hema, jiwe.
Muhogo haumo.